Tuache Ngoma ya Majuma Mawili

Muhula uliopita kikundi chetu cha ngoma kilikwenda kucheza mbele ya wageni, nami nilikuwa mlezi wake. Waliokuwapo siku ile watakumbuka yaliyotokea. Wachezaji waliingia vizuri, nguo zao zikimeta, na watu wakapiga makofi. Lakini kabla wimbo wa pili haujakwisha, njuga za kijana mmoja zilifunguka zikatawanyika jukwaani. Aliyemfuata akazikwepa, na safu nzima ikapinda. Mpigaji akashikwa na hofu, akaongeza mwendo, na wachezaji wakaachwa nyuma kama watu waliokosa gari la moshi. Mwishowe msichana mmoja, tena mmoja wa wachezaji wetu hodari, alikaa chini kwa kizunguzungu mbele ya watu wote. Alikuwa hajala kitu tangu usiku. Wageni kwa wema wao walipiga makofi hata hivyo, lakini sisi tulijua kwamba yalikuwa makofi ya huruma.

Tuliporudi shuleni kila mtu alitafuta wa kumlaumu. Mmoja alisema jukwaa lilikuwa dogo, mwingine akasema kipaza sauti kilikuwa kibovu, na mwingine akalisingizia jua. Asiyejua kucheza hulaumu uwanja. Mimi nasema kwamba kosa lilikuwa la mlezi, yaani langu. Tulianza mazoezi majuma mawili tu kabla ya siku yenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Barua ya kutangaza wageni hufika, ndipo tunapokumbuka kwamba shule ina ngoma. Hapo hukimbilia nguo, huazima njuga, huwatoa watoto madarasani kila alasiri, kisha hushangaa mambo yanapoharibika.

Rai yangu katika ukurasa huu ni hii: ngoma huchezwa jukwaani kwa dakika chache, lakini hutengenezwa kwa muhula mzima, na aliyeikosa kazi ya muhula hawezi kuipata kwa majuma mawili. Nataka kueleza kazi hiyo ni ipi, ili wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi tuone pamoja la kufanya.

Jambo la kwanza ni sikio. Sisi huchagua wachezaji kwa kutazama nani anaruka juu, nani ana umbo zuri, nani ana nguo. Yafaa tuanze kwa kuuliza nani anasikia. Baada ya aibu ile mzee mmoja wa hapa Katumba aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, watoto wako wanajua kuruka, lakini hawajui kusikiliza." Maneno hayo yaliniuma, kisha nikaona kwamba ni kweli tupu.

Tazameni ngoma kubwa ya Kirundi, ambayo wengi katika makazi haya waliirithi kwa wazee wao. Ngoma zile hupangwa nusu duara, na katikati husimama moja iitwayo inkiranya. Hiyo ndiyo mwongozi. Ziko nyingine ziitwazo amashakwe, kazi yake ni kushika mdundo mmoja bila kukoma, na nyingine ziitwazo ibishikizo, ambazo hufuata mdundo wa inkiranya. Wapigaji hutoka mmoja mmoja kuja mbele, wakaruka na kucheza na fimbo zao, kisha wakarudi mahali pao. Anayetoka kwenda kucheza hawaachi wenziwe. Sikio lake hubaki katika mdundo, naye huujua wakati wake wa kurudi. Kama kila mmoja angejipigia apendavyo, ingekuwa kelele tu. Jambo hili lilistahili heshima ya dunia, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Au mkumbukeni Mzee Morris Nyunyusa, ambaye mlio wa ngoma zake wananchi wa Tanzania waliusikia kwa miaka mingi kabla ya taarifa ya habari ya redio. Mzee huyu alikuwa kipofu, naye alipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Hakuwa na macho ya kutazama mkono wa mwenziwe. Alikuwa na sikio, nalo lilimtosha.

Kwa hiyo napendekeza kwamba juma la kwanza na la pili la muhula tusicheze kabisa. Tukae chini, tupige makofi, tuhesabu mdundo kwa mguu, tuimbe nyimbo mpaka kila mtu azijue maneno na maana. Atakayepotea arudi aanze tena. Siku hizi vijana wetu hupenda kujifunza kwa kutazama picha katika simu. Sikatai, kwa maana simu huonyesha mambo mengi, hata makosa yetu wenyewe tukijipiga picha. Lakini simu haikwambii, "Mwanangu, mguu wako umechelewa." Hilo husema mzee aliyekaa karibu nawe.

Hapa niseme neno juu ya wasichana. Nilipowajaribu wanafunzi kwa kupiga makofi, niliona sikio jema halichagui mvulana wala msichana. Najua kwamba katika Burundi iliamriwa mwezi wa Oktoba 2017 kwamba wanawake wasipige ngoma hizi, na najua kwamba hata hapa wako wazee ambao hawatapendezwa kumwona msichana ameshika fimbo. Mimi naona kwamba sisi tuko Tanzania, na hii ni shule, na katika shule kila mtoto hupewa kazi aiwezayo. Lakini tusiwapuuze wazee. Twende tukawaombe kwa adabu, tuwaeleze, na tuwaalike waje kuwasikiliza wasichana hao wenyewe. Nadhani sikio la mzee litahukumu kwa haki kuliko maneno yangu.

Jambo la pili ni mwili. Wengi wetu tulidhani kwamba kijana anayecheza mpira au kulima hana haja ya mazoezi mengine. Si hivyo. Kucheza kwa nguvu dakika kumi huku unaimba ni kazi ya pumzi, na pumzi haiji kwa kulazimishwa. Huja kidogo kidogo. Mchezaji akimbie pole pole kuzunguka uwanja mara mbili tatu kwa juma, kisha aimbe mara tu amalizapo kukimbia, kabla hajapumzika. Mwanzo hataweza hata ubeti mmoja. Mwisho wa mwezi atashangaa. Kadhalika kabla ya kila zoezi anyoshe miguu, mabega na mgongo, maana aliyeanza kuruka akiwa baridi huenda akateguka mguu siku ambayo hakuna wa kushika nafasi yake.

Tena kila nafasi iwe na watu wawili wanaoijua. Tulipompoteza yule msichana katikati ya ngoma, hapakuwa na mtu wa kuingia mahali pake, na safu yetu ikabaki na pengo kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino.

Jambo la tatu ni jukwaa lenyewe, na hapa ndipo tunapokosea bila kujua. Ngoma nyingi za vijijini huchezwa katika duara, na watu wamezunguka pande zote. Jukwaa ni kitu kingine. Lina uso mmoja. Wachezaji wakicheza duara kama walivyozoea nyumbani, nusu yao huwageuzia wageni migongo. Si lazima kwa sababu hiyo tuivunje ngoma yetu. Wapigaji wa Kirundi huingia wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga, kisha huziweka chini kwa nusu duara, uso wake ukiwaelekea watazamaji. Kuingia ni sehemu ya ngoma, na kutoka ni sehemu ya ngoma. Wazee walikwisha kulijua jukwaa kabla sisi hatujalijenga kwa mbao.

Basi mlezi na aende mapema akalipime jukwaa kwa hatua za miguu. Akirudi shuleni, achore uwanjani kwa majivu mraba wa ukubwa ule ule, na wachezaji wafanye mazoezi ndani ya mraba huo mpaka miguu yao iujue bila kutazama chini. Mchezaji anayetazama miguu ya jirani yake amekwisha kutangaza kwamba hajui. Tena wajifunze kwamba kosa likitokea wasisimame, wasichekeane, wala wasimnyoshee mwenzao kidole. Njuga zikianguka ziache zilale. Watazamaji wengi hawaijui ngoma yenu, na kosa msilolionyesha wao hawalioni.

Wachezaji pia wajue kuipima saa. Tulitayarisha ngoma ya dakika ishirini, na mwenye ratiba akatupa dakika saba kwa sababu hotuba zilirefuka. Tukakatizwa katikati. Yafaa tuwe na ngoma moja yenye urefu wa namna tatu: ya dakika tano, ya kumi na ya ishirini, na kila moja iwe na mwanzo na mwisho wake. Kiongozi apulize filimbi namna moja kwa fupi na namna nyingine kwa ndefu, na wote waelewe.

Na watazamaji je? Jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wamehamia katika nchi hii ya Katavi na ng'ombe wao, wana mashindano ya ngoma ya tangu zamani baina ya Bagika na Bagalu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na uwanja wake, na watu wako huru kwenda watakako. Kikundi kinachovuta watu wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Fikirini jambo hilo. Hapana makofi ya huruma huko. Ukichosha watu, wanakupa mgongo na kwenda kwa mpinzani wako. Mchezaji aliyelelewa hivyo hujifunza kumtazama mtazamaji usoni. Sisi tuwape wachezaji wetu mtihani wa namna hiyo kabla ya siku kubwa: wacheze mbele ya watoto wa shule ya msingi. Watoto wadogo hawajui kusema uongo. Wakianza kuchezea mchanga, mjue ngoma yenu haijaiva.

Jambo la nne ni siku yenyewe. Hapa sina maneno mengi, ila yashikwe yote. Nguo na njuga zivaliwe katika mazoezi ya mwisho mara mbili au tatu, siyo kuvaliwa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, ili tujue kibwebwe kipi hulegea na njuga zipi hufunguka. Ngozi za ngoma zikipata unyevu hulegea na sauti hufa, hasa katika miezi yetu ya mvua, basi awepo mtu maalumu wa kuzianika juani au kuzikausha karibu na moto kabla ya kupigwa. Wachezaji wale chakula chepesi asubuhi, uji na kiazi au muhogo, si kushiba kupita kiasi wala kushinda na njaa. Maji ya kunywa yawepo. Na kwa kuwa wageni wa saa nne huenda wakafika saa nane, wachezaji wasisimamishwe juani kuwangoja. Wakae kivulini, na mtu mmoja akae njiani kutazama vumbi la magari. Kama ningalifanya hilo moja tu, yule mtoto asingalianguka.

Sasa nifike kwenye jambo la tano, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni moyo.

Nilipowauliza baadhi ya wanafunzi kwa nini huinamisha vichwa wakicheza ngoma za babu zao, walinyamaza kwanza. Baadaye mmoja akasema polepole kwamba wanaogopa kuitwa wakimbizi. Jawabu hilo halikuniacha nilale. Wazee wetu wengi walifika hapa wakiikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa, wakasomesha. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na tangu mwaka 2014 walipewa vyeti vyao. Mtoto wa leo ni Mtanzania, naye hana sababu ya kuificha ngoma ya bibi yake kama kitu alichoiba. Msukuma haoni haya kucheza bugobogobo na jembe lake, wala hakuna amwambiaye kwamba kwa hiyo si Mtanzania. Taifa hili halikujengwa kwa ngoma moja. Mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wengi walijua ngoma za kigeni kuliko zile za nyumbani. Hakutaja kabila moja la kuokolewa peke yake. Ngoma zote za watu wa nchi hii ni mali ya nchi hii.

Mtasema, hayo yahusu nini na mazoezi ya jukwaani? Yahusu sana. Mchezaji mwenye haya huonekana. Mabega yake hushuka, macho yake hutafuta ardhi, sauti yake hufia kooni, na hakuna mlezi awezaye kumrekebisha kwa kumpigia filimbi. Lakini mtoto aliyeambiwa ngoma hii ilipigwa lini na kwa sababu gani, na kwa nini mti wake, huo tunaouita mringaringa, Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti wa kuizungumzisha ngoma, mtoto huyo hupanda jukwaani kama mwenye nyumba anayewakaribisha wageni. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapana budi kwanza ajue kwamba yuko kwao.

Najua walimu wenzangu watakalosema. Watasema kwamba mtihani wa taifa hauna swali la ngoma, na kwamba muda ni mchache. Nawaomba tuhesabu pamoja. Kwa desturi yetu ya majuma mawili, tulifanya mazoezi saa tatu kila siku kwa siku kumi. Hizo ni saa 30, tena nyingine zilichukuliwa katika vipindi vya hisabati na sayansi. Kama tungalifanya saa moja na nusu kila juma, baada ya masomo, kwa majuma 18, zingalikuwa saa 27, na hakuna kipindi ambacho kingaliguswa. Haraka ndiyo iliyotuibia masomo.

Basi namwomba Mkuu wa Shule atupe alasiri moja katika kila juma, tangu juma la kwanza la muhula ujao. Nawaomba wazazi wasiwaambie watoto kwamba ngoma ni uhuni, bali watuletee wazee wawili au watatu wanaoijua, tuwaweke kitini mbele ya kikundi kama waalimu, maana ndivyo walivyo. Wazee hao hawatakuwapo siku zote. Kila mwaka twazika mmoja, na pamoja naye mdundo ambao hakuna aliyeuliza ukoje.

Nanyi wanafunzi, msisubiri barua ya wageni. Yule msichana aliyeanguka alinijia juma lililopita akauliza mazoezi yataanza lini. Nilimwambia kwamba yameanza leo. Akakaa chini ya mwembe, akaanza kupiga makofi.

Mlezi wa Kikundi cha Ngoma